Kofia ya Tatu

Nebraska, 14 Novemba

Kaka yangu mpendwa Emil,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti lako linavumilia baridi ya Omaha. Sisi ni wazima wa mwili. Moyo wangu, hata hivyo, umejaa hasira, nami nakuandikia kabla mwanangu Dwight hajakufikia na malalamiko yake.

Unajua kwamba binti yake, Tessa, alitakiwa na vyuo vikuu viwili kwa ajili ya mpira wa wavu, na vyote viliahidi kumsomesha bure. Usilolijua ni kwamba bega lake limechanika tangu Agosti. Daktari aliagiza apasuliwe. Dwight akamwamuru anyamaze mpaka atie sahihi mkataba na chuo kimojawapo. Nilipomkemea, alinicheka jikoni mwangu. Eti, "Mama, we hujui mambo ya siku hizi. Nani atanunua farasi anayechechemea?" Nilimwambia kwamba baba yake hakuuza hata ng'ombe kwa hila, na kwamba avue viatu vyake vya matope.

Mtoto aliendelea kucheza huku akimeza vidonge. Usiku hawezi kulalia ubavu ule.

Jumatano, siku ya Tessa kutangaza chuo alichokichagua kwa kuvaa kofia yake, ukumbi wa shule ulijaa. Dwight aliagiza keki, akapanga kofia mbili za vyuo mezani, akamwita mpiga picha. Watu walipoanza kupiga kelele, "Vaa, Tessa, tuone!" mtoto aliinama, akatoa kofia ya tatu chini ya meza, akaivaa. Ilikuwa ya chuo kidogo cha Iowa. Akasema kwenye kipaza sauti kwamba bega lake ni bovu, na kwamba hao wa Iowa wanalijua na bado wanamtaka. Dwight akapayuka, "Anatania huyo!" Hakucheka mtu.

Sasa anatangaza mji mzima kwamba kocha wa Iowa alimrubuni binti yake. Uongo! Kocha yule hakuwa amewahi kumsikia. Mimi ndiye niliyemwandikia, Emil, nikamweleza habari za bega bila kuficha neno. Alijibu kwamba mtoto atibiwe kwanza, apumzike mwaka mzima, na nafasi yake itakuwepo. Kofia niliiingiza ukumbini mwenyewe, ndani ya mkoba.

Tessa anapasuliwa Jumatatu. Amehamia kwangu. Dwight akija kwako, usimpe kahawa wala huruma. Mwambie aje anigombeze mimi, na mtoto amwache.

Nisalimie wifi Marge na wajukuu wote.

Ni mimi dada yako, nisiyeomba radhi,
Leona