Fisi wa Nyantakara Hawajui Kiswahili

Mwalimu Deo,

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini mimi ni wa umri wa baba yako na siwezi kukaa hapa nikingoja shikamoo ya mtu aliyelala ng'ambo ya mto Kagera. Kwa hiyo nimeitikia kwanza. Wewe utaamkia ukipata nafasi.

Ukiona mwandiko umepinda usinicheke. Naandika kwa mkono wa kushoto. Vidole vya kulia havikunjiki tena, nitakueleza nani alivivunja na mimi nilimfanya nini. Hata hivyo, katika wazee wote walioingia kisomo cha watu wazima hapa kijijini, nani mwingine anaandika kwa mikono miwili? Hakuna. Wengine huo mmoja tu unawashinda.

Nakuandikia habari za ukuta. Huko uliko, kama kuna kuwaza, basi unawaza ukuta wako na watoto wako wa darasa la kwanza, kama bado wanasoma au wameshatawanyika na ng'ombe. Ulipoondoka na mgambo wenzako kwenda vitani ulinishika bega ukasema, "Namhala, usiache waubomoe." Ulipenda kuniita hivyo, neno letu Wasukuma la mzee, ukilitamka kwa ulimi wako wa Kihangaza wa Ntobeye mpaka wake zangu wanaficha vicheko. Nikakujibu, "Atakayeubomoa atanibomoa mimi kwanza." Sasa sikia.

Wewe ulitukuta hatujapoa. Tulitolewa porini kwa moto ili tuje kukaa kijiji cha ujamaa. Nyumba yangu niliiona ikianguka, kihenge cha mtama kikiwaka ndani yake, mbwa wangu wakampiga risasi kwa sababu alibweka. Nilimng'ata askari mmoja sikio, kipande nikakitema mbele ya katibu wa chama. Wakanifunga kamba kama mbuzi wakanirusha kwenye lori. Na niliposhushwa hapa, mtu wa kwanza kunisogelea alikuwa kijana mwembamba mwenye baiskeli, kamaliza la saba juzi tu, anaitwa mwalimu. Ukaniamkia vizuri, nikiwa na damu ya mtu kwenye ndevu. Sikuitikia. Nilikuona mtoto wa serikali.

Shule yenyewe ilikuwa banda la nyasi na ukuta mmoja wa udongo. Ubao hakuna, vitabu hakuna. Na watoto walikuwa wanasinzia, maana usiku hawakulala. Tulibanwa pamoja, watu na ng'ombe na wafu wetu, makaburi yalichimbwa haraka hayana kina, na fisi wakajua. Walilia mpaka nyuma ya jiko. Mwalimu mwingine angewachapa watoto wale. Wewe uliwauliza, "Jana usiku mmemsikia nani?" Mmoja akasema bundi. Ukachukua mkaa ukaandika bundi ukutani, ukamshika kidole yule aliyemsikia ukampitisha herufi moja moja. Kesho yake tena, "Jana nani kapita?" Komba. Kesho popo. Kesho nungunungu. Kila aliyewanyima usingizi alikamatwa akafungwa ukutani, na watoto wakawa wanakuja mbio asubuhi kusema wamemsikia nani, kumbe wanakuja kusoma. Mimi nilikuwa nasimama mbali najidai natazama mitego. Ndipo nilipojua herufi, usije ukadhani ni kile kisomo cha jioni.

Na wewe ungefika wapi bila mimi? Herufi zilikuwa zako, wanyama walikuwa wangu. Katika Biharamulo yote hakuna aliyetega kama mimi, wanaobisha walishakufa. Nilikuletea komba mzima akakung'ata kidole gumba mpaka mfupa, ukaendelea kufundisha damu inachuruzika kwenye mkaa. Nilikuletea nyegere ambaye kucha zake zilikuwa bado na utumbo wa mbwa wa balozi wa nyumba kumi. Jina la huyo watoto walilisoma mara moja tu wakalishika. Nilileta miiba ya nungunungu nikawaambia huirusha kama mishale, ukaniambia mbele yao, "Namhala, hairushi, inachomoka tu." Nikakwambia umezaliwa juzi. Mpaka leo nasema anairusha.

Balaa lilikuwa fisi. Sisi jua likishazama hatumtaji. Tunasema yule wa porini. Ukimwita mbiti, ambalo ndilo jina lake kwetu, anageuza shingo. Tena fisi hatembei hovyo, ana mtu anayemfuga. Wewe ulijua haya, nilikueleza mwenyewe. Lakini watoto walisema wamemsikia, na wewe hukuwa mtu wa kumwambia mtoto hajasikia alichosikia. Ukaandika fisi. Ulidhani ukiliandika asubuhi hakuna neno. Watu wakaanza kunong'ona kwenye pombe kwamba la mdomoni linakwisha ukifunga mdomo, ila la ukutani jua linazama na lenyewe bado linaita.

Halafu fisi akamchukua mtoto wa Masanja.

Sitaki kuandika, lakini ulikuwepo. Mtoto alilala barazani kwa sababu ya joto. Asubuhi tulifuata damu mpaka kwenye mihogo tukapata shati na mguu mmoja wenye kamba ya dawa bado imefungwa kifundoni. Masanja aliuokota ule mguu akaukumbatia, akatembea nao kijiji kizima hatoi sauti, na watu wakaungana nyuma yake, na walipofika shuleni kila mtu alikuwa na rungu. Wewe ulisimama mlangoni pa banda, watoto nyuma yako. Mmoja akasema, "Huyu Mhangaza ndiye anayewafuga. Kila siku anawaita." Rungu la kwanza likakupata shavuni, jino likaruka.

Nani aliyeingia kati? Mimi. Nilisimama nikawauliza, "Ameandika kwa lugha gani?" Wakasema Kiswahili. Nikawauliza, "Nyie fisi wa hapa wamesoma wapi? Fisi wa Nyantakara hawajui Kiswahili. Anajua Kisukuma, anajua Kisubi. Kiswahili ni cha ofisini na cha sokoni. Mnamwona fisi akienda ofisini?" Halafu yule bibi kizee, mama wa balozi, akasema polepole, "Ni kweli. Mimi mwenyewe sikijui, na nimezaliwa na watu." Basi marungu yakashuka. Masanja akaenda kuuzika ule mguu. Wewe ulitema damu ukaniuliza, "Namhala, unaamini hayo?" Sikukujibu. Nakujibu leo. Niliyaamini, na bado nayaamini, ndiyo maana yalikuokoa.

Kisha ikaja vita. Ulikwenda, na mimi nikashika fimbo yako nikasimama mbele ya ukuta. Kila asubuhi niliwauliza nani kapita, nikawasomesha yaliyopo. Nilikuwa mkali kuliko wewe. Walisoma.

Aliyeleta habari zako ni mgambo mwenzako wa Mbuba, alirudi na jicho moja. Alikaa kwenye pombe akasimulia. Kombora liliangukia shimo lenu. Walizika kilichopatikana. Nilimwambia anyamaze, hakunyamaza, pombe ilikuwa inamsukuma. Akasema huko mbele fisi walikula maiti za askari wa pande zote mpaka matumbo yakaburuza, mpaka wengine wakawa hawakimbii ukiwapiga mawe. Nilikaa pale nikitazama kibuyu, mwanangu Deo.

Na Masanja alikuwepo. Nilimwona anavyofikiri. Akasema kwa sauti ya chini, "Namhala, ulituambia hawajui Kiswahili. Sasa wamekula askari. Wameshiba Kiswahili." Na mimi mwenye mdomo mrefu kuliko wote nikakosa neno. Wewe ulikuwa umekufa kwenye masikio yangu muda ule ule, ningetoa wapi neno?

Asubuhi akaja na jembe, na watu nyuma yake. Watoto walikuwa wameshakaa. Nilimwambia, "Masanja, mimi kwanza." Akasema, "Toka, mzee." Nikampiga fimbo yako mdomoni. Meno mawili ya mbele, na la tatu aling'oa mwenyewe baadaye. Unaona, yule aliyekung'oa moja hatukumjua, lakini hesabu imekaa vizuri. Akageuza jembe akanipiga kwa mpini mkononi, nikasikia vidole vinalia kama kuni kavu. Nikamrukia shingoni na mkono mmoja. Tulianguka katikati ya watoto, tumelowa damu, tunang'atana kama wale wale tuliowaandika ukutani. Alikuwa kijana, alinishinda. Usimwambie mtu. Alinikanyaga kifua akanyanyua jembe juu ya ukuta.

Hapo akasimama. Jembe liko juu na halishuki. Ukuta ulikuwa umejaa maneno toka juu hadi chini, na Masanja hajui hata moja. Hakujua la aliyemlia mwanawe ni lipi.

Kabula alikuwa amekaa mbele. Ndiye binti yake, ndiye aliyebaki. Masanja akamgeukia, mdomo unatoka damu, akamwuliza, "Ni lipi?" Yule mtoto angeweza kuogopa. Angeweza kuonyesha lolote. Mimi chini ya mguu wa baba yake nilikuwa naomba aonyeshe popo. Lakini aliinuka, akapita juu yangu, akaweka kidole chini ya fisi, herufi ya kwanza mpaka ya mwisho, kama ulivyomfundisha, na mdomo ameufunga.

Masanja akaniondolea mguu kifuani, akalima pale. Alilima kwa hasira mpaka tukaona mwanga wa upande wa pili, udongo ukamwangukia miguuni, akaendelea kuupiga ule udongo chini kama anaua. Alipochoka alibaki anahema. Akatazama kando ya tundu. "Na hili?" Kabula akasema, "Bundi." "Na hili?" "Nungunungu." "Hili la pembeni?" "Popo, baba." Akamwuliza ukuta mzima. Watu waliokuja naye walisimama na marungu yao wakisikiliza mtoto wa kike akimtajia baba yake kila kilichotembea usiku. Alipomaliza, Masanja aliegemeza jembe ukutani, akaondoka bila jembe.

Mpaka leo hajalifuata. Nalitumia kulimia bustani ya shule.

Ukuta umesimama, Mwalimu. Tundu liko pale, mkono wa mtu unapita. Nilitaka kuziba niandike tena, unanijua nilivyo, mtu haniambii nisiandike. Nilikanda udongo kabisa. Ila asubuhi moja nikamwona Masanja amesimama nje, upande wa pili wa tundu. Anatazama darasa kupitia pale alipolima mwenyewe. Anamsikiliza Kabula. Udongo ukanikaukia mikononi.

Sasa wanasoma hivi. Kabula anashika fimbo, maana mimi mkono unauma. Wanaanza juu, bundi, komba, popo. Wakifika kwenye tundu fimbo inaingia hewani. Watoto wote wanapunguza sauti, hakuna aliyewafundisha, wanasoma kwa pumzi tu jina lisilokuwepo, kisha wanapandisha sauti kwa nungunungu. Hata wadogo walioingia juzi, ambao hawakuliona likiwa limeandikwa, wanalisoma. Na Masanja huko nje haondoki wakilitaja.

Ningependa ungeliona hilo. Ningependa uniulize tena kama naamini.

Wanasema wataleta mwalimu mwingine, na shule ya matofali. Wakimleta nitamkabidhi fimbo, akiwa na adabu. Akiwa hana atanikuta. Mvua zikija nitaukandika ukuta wako wote kwa mkono huu mmoja, juu na chini na pembeni, na kila neno nitalirudishia mkaa. Pale pa Masanja nitazungushia udongo kingo zisimomonyoke, nitapaacha wazi. Hiyo ni ahadi, na mimi nikiahidi hata lori la serikali liliniona.

Kwaheri, mwanangu. Lala huko walikokulaza. Kama walikuacha juu juu, samehe, walikuwa wanakimbia. Mimi ningekuchimbia mwenyewe, shimo la kina cha mtu aliyesimama na mawe juu yake, na ningekaa hapo na mkuki mpaka udongo ushikane. Sikupata nafasi hiyo. Nimepata watoto. Asubuhi nitawauliza nani kapita.

Namhala wako,
Nyantakara