Nani Huyu Anayejua Soksi ya Mume Wangu?

Shangazi mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana nimefanya jambo ambalo hata kulisimulia ulimi unakuwa mzito. Mimi ni mjane, mume wangu alifariki mwaka jana, na ninaishi na mama yake, sisi wawili tu, katika nyumba aliyotuachia. Mama mkwe si mtu wa maneno, tangu niolewe hajawahi kunigombeza wala kunisifu, ni "chakula tayari" na "umefunga mlango?", na tangu msiba ndiyo kabisa, tunapishana koridoni kama wapangaji.

Basi, muda mfupi baada ya mazishi nikaanza kupokea barua pepe kazini, hazina jina, hazisalimii, zinaanza moja kwa moja kumsimulia mume wangu. Ya kwanza ilisema kovu la kidevuni hakulipata kwa kuanguka na baiskeli kama alivyonidanganya, alilipata akiwa darasa la pili, alipochukua wembe wa baba yake akajinyoa ndevu ambazo hana. Shangazi, nilicheka peke yangu ofisini hadi machozi, halafu mwili ukanisisimka, nikajiuliza, huyu ni nani? Nyingine ikasema aliwahi kukata pazia la sebuleni ajishonee suruali ya rubani. Nakuapia nilikuwa nazingoja barua zile kuliko mshahara, kila moja inanirudishia mtu wangu kidogo, nami nabaki kustaajabu, kumbe niliishi na mtu nikamjua nusu.

Mpaka ilipokuja ya soksi. Eti hakupata usingizi bila kuvaa soksi mguu mmoja, wa kushoto, hata kukiwa na joto. Hapo damu ikanichemka. Soksi ile naijua mimi, mkewe, kitandani! Nikasema ala, kumbe nilikuwa na mke mwenza, na ana uso mkavu wa kuniandikia! Nikamjibu. Sirudii niliyoandika, ila "malaya" ndilo lilikuwa neno la heshima kuliko yote. Barua zikakatika.

Sikutulia. Nikamwendea fundi wa kompyuta wa ofisini kwetu, nikamwambia nitafutie huyu mwanamke nikamuumbue. Akafungua yale maandishi yanayojificha nyuma ya barua, yanayoonyesha imetoka wapi na imepita wapi, akakuna kichwa. "Dada, namba hii ya mtandao ni ileile ya barua ulizonitumia ulipokuwa unafanyia kazi nyumbani. Umejiandikia mwenyewe?" Halafu akacheka, akanionyesha kwamba kila penye tarakimu ya moja mwandishi ameweka herufi ndogo ya L. "Huyu ni mpiga chapa wa zamani. Mashine zao nyingi hazikuwa na kitufe cha moja."

Shangazi, hapo nikamjua. Mama mkwe amestaafu kazi ya kupiga chapa mahakamani. Kompyuta ya marehemu iko chumbani kwake, nilidhani ameiweka iwe ukumbusho. Yule mama asiyesema! Na soksi yenyewe, nani alimvalisha kwanza kama si yeye?

Sasa juzi amefungasha. Amemwambia wifi yangu aje amchukue Jumamosi, akaishi kwake. Kwangu amesema tu, "Nitakupisha, wewe bado kijana." Jana tumekula meza moja, akanisogezea chumvi. Nimwambie kwamba najua? Au ninyamaze, aende na heshima yake?

Mkwe Mwenye Aibu

*

Mkwe mwenye aibu, marahaba. Pole kwa kufiwa, na uishike vizuri hiyo pole, maana sasa nakugombeza.

Umemtukana mama wa watu kwa sababu ya soksi! Hukujiuliza ni mke mwenza gani anayejua wembe wa darasa la pili? Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Chako wewe hakikuwa kinakula, kilikuwa kinakulisha, nawe ukakipiga kofi. Hasira hasara, binti yangu, na hasara yako imeshafunga mizigo.

Lakini nami nimeisoma barua yako mara mbili, nikavua miwani. Mama amezika mwanawe, mdomo hauwezi, akatafuta anwani yako ya kazini, akaketi upande wa pili wa ukuta na kukuandikia. Vidole vilivyopiga chapa kesi za watu miaka yote, safari hii vimeandika ya kwake. Nimekaa kwenye safu hii muda mrefu na sijawahi kuona mapenzi ya namna hiyo. Nimeshangaa, sikufichi.

Sasa nisikilize. Kwanza mpigie wifi yako, mwambie Jumamosi asije, mama yake ana kazi hapa haijaisha. Usimfuate jikoni na "najua ni wewe", angekuwa anaweza kuyasema uso kwa uso angeyasema. Na kunyamaza usithubutu, ukinyamaza ataondoka na matusi yako kama ndiyo kwaheri. Habari za fundi na namba zake ziache hukohuko ofisini, hakuandika ili awindwe.

Leo leo, ukiwa nyumbani, keti sebuleni umjibu kwenye anwani ileile. Omba radhi, bila "nilikuwa na hasira" wala "sikujua". Kisha muulize ile soksi ilianzaje, na kwa nini mguu wa kushoto. Halafu ukae hapohapo usubiri. Mlango wake ukifunguka akasema "chakula tayari," nenda ukale.

Na jambo la mwisho. Barua yako yote kwangu umemwita "mama mkwe", "mama yake", "yule mama". Hiyo ya leo ianze na "Mama", basi.