Jumamosi Tatu Bila Matumbo

Mwende mjukuu wangu,

Huku Uthiru tuko salama, ila magoti ya nyanyako yanamsumbua. Unasema kwenye mazoezi ya mtihani wako wa kuingia chuo cha biashara unashindwa kila mara kutaja kile ambacho hoja imekichukulia kuwa kweli bila kukisema. Mimi pia nilishindwa.

Ndugu yangu alifanya kazi kichinjioni Dagoretti, na kila Jumamosi aliniletea matumbo River Road, nilikokuwa nikichapa kadi za harusi. Siku moja tukagombana. Jumamosi tatu hakuja. Nikasema, "Hajaja, basi bado amenuna." Nami nikanuna.

Jumamosi ya nne nikaenda kwake. Jirani akanikabidhi koti la marehemu. "Tulikutafuta," akasema, "hatukujua unafanya kazi wapi."

Ili mtu anune, lazima kwanza awe hai. Hilo sikuliuliza.

Babu yako