Mtani Wangu Ameacha Kunitania

Jumatano, 4 Juni

Nina uvimbe tumboni. Daktari alisema tangu Pasaka kwamba hauna tiba. Nimemficha binti yangu Regina. Nimewaficha wote.

Asubuhi nimepaka mnyororo mafuta kama kawaida. Uji nimewamwagia kuku. Vijana wa mjini wanaandaa msafara wa baiskeli hadi Kwihara, kwa njia ya wapagazi wa zamani. Mamia ya watu. Nimejiandikisha. Regina kanuna.

Jumamosi, 7 Juni

Nimemwambia Athumani. Yeye Mzaramo, fundi baiskeli, mtani wangu tangu nilipoanza ualimu. Wazaramo na sisi Wanyamwezi tunataniana tangu mababu zetu walipopeleka mizigo pwani. Kukasirika ni mwiko.

Nilisema wazi: nakufa. Alicheka mpaka kofia ikaanguka.

“Kufa basi, mpagazi wangu! Nitalala kaburini mwako, sitoki mpaka wanao wanipe jogoo.”

Nikacheka na mimi. Nilikosea. Habari kama hii haipelekwi kwa mtani.

Jumanne, 10 Juni

Nimetapika nyuma ya choo, Regina asisikie. Nina hasira na Athumani. Si haki. Ninayo hata hivyo.

Jumamosi, 14 Juni

Msafara. Kengele, vumbi, vijana wakishindana kabla hata hatujatoka mjini. Wazee tulikuwa mkiani. Mwinuko wa kwanza nimeupanda, nikajisifu. Wa pili miguu ilikataa. Nikaanguka, baiskeli juu yangu.

Athumani, aliyekuwa nyuma yangu, akashuka baiskeli yake. Akavua koti, akanifunika kama maiti, akaanza kuwaita wapita njia.

“Njooni mzike Mnyamwezi! Babu yake kabeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo, huyu kashindwa na baiskeli tupu!”

Watu wakacheka sana. Nilitaka kucheka nao. Nikatapika damu kwenye koti lake.

Akapiga magoti.

“Kumbe siku ile hukuwa unatania.”

Akanipakia kwenye keria ya baiskeli yake, akaikokota mpaka kwangu, mkono mmoja mgongoni pangu. Njia nzima hakunitania. Baiskeli yangu imebaki kwa watu wa barabarani.

Jumapili, 15 Juni

Regina anajua. Amelia jikoni, akidhani sisikii. Sikwenda misa.

Jumatano, 18 Juni

Athumani amekuja. Amepiga hodi. Hajawahi kupiga hodi kwangu.

“Umeamkaje, Mwalimu?”

Mwalimu! Kwake nimekuwa mpagazi, punda, mla michembe ya viazi vikavu. Leo Mwalimu. Ameirudisha baiskeli yangu, kanyoosha usukani. Kisha kaniosha miguu, kanikata kucha, taratibu, kama za mtoto.

Nikamchokoza. Nikamwambia Mzaramo hajui kazi ila ngoma. Akainamia kucha. Nikamkumbusha ahadi yake, alale kaburini mwangu, adai jogoo, watu wacheke.

“Sitaweza, Mwalimu.”

Amekwenda kuswali adhuhuri. Regina anachambua mchele. Nyumba imetulia.

Nilitaka aniamini. Sasa ameniamini. Alipokuwa akicheka, nami nilikuwa nadhani labda ugonjwa huu ni mzaha.

Naogopa kufa.