Jicho Limepona, Daktari Bado Anauliza Kama Aje

Mshauri mpendwa, nisaidie, maana nacheka peke yangu barabarani. Mimi ni mjane, naendesha gari la farasi la kubebea maharusi, na majuzi farasi wangu Kidosho aliamka jicho limevimba, limefumba, machozi na usaha vinamchuruzika, nikapiga yowe, shemeji akaja mbio na dawa yake mwenyewe ya macho iliyobaki, bahati daktari wa mifugo akafika, akampokonya kichupa, "Bwana wee, unataka kulipofua?" akadondosha rangi ya kupimia jichoni, akamulika tochi, palipochubuka pakang'aa kijani, kumbe ni mchubuko ulioingia vijidudu, na dawa ya shemeji ingeuchimba zaidi, basi akaleta dawa inayofaa, akawa anakuja kila siku kuitia, na kwa kuwa Kidosho ana vituko, mimi nikawa nashika kichwa, yeye anafunua kope, mashavu yetu yamekaribiana hivi, mshauri, na mwanamume ananukia sabuni!

Jana alipima tena, rangi haikushika popote. "Amepona," akasema. Akafunga mkoba wake, akaufungua tena. "Kesho nije?"

"Kuangalia nini?" nikaropoka.

Akaangusha tochi, akaokota, akaondoka bila kuaga. Nilimkumbatia Kidosho shingoni nikarukaruka kama kigori. Binti yangu asema, "Mama, aibu!" Sasa nawaza nimwambie daktari jicho limeanza tena. Nimdanganye?

Mama Maharusi

*

Mama Maharusi, umenichekesha hadi chai ikanipalia, sasa acha nikukaripie. Usithubutu kumsingizia farasi ugonjwa! Atatiwa dawa bure, na siku akiumwa kweli, nani atakuamini? Dawa uliyopewa imalize kama ulivyoelekezwa, nzi wasimkaribie usoni, na shemeji yako mwambie jicho la farasi likifumba huitwa daktari siku hiyo hiyo, halifanyiwi majaribio.

Haya, tuje kwako. Mtu mzima na mkoba wake anauliza kama aje kwa mgonjwa aliyepona, nawe unamuuliza kuangalia nini! Wataka akuchoree ramani? Maskini, amekwenda zake akidhani amefukuzwa. Binti yako naye asikutie haya. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na hayaulizi umri.

Weka gazeti chini. Piga simu. Sema: "Farasi mzima, mwenye farasi yupo, njoo." Kisha kata, kabla hujaropoka tena.