Jiwe la Gurudumu la Nyuma

Jumatatu, 3 Machi

Nimetoa jiwe, gari likabingirika lenyewe hadi chini ya kibanda. Hendibreki ilikufa Baba akiwa bado hai. Tangu hapo kazi ya jiwe ni ya Mama. Hulibeba miguuni pake safari nzima, tukisimama anashuka na kulisukuma nyuma ya gurudumu kabla hata sijazima injini. Jiwe jeusi, ukubwa wa ugali wa watu watatu.

Lakini Mama hajapanda gari hili tangu Desemba. Siku ile pedali ilishuka hadi sakafuni kwenye mteremko wa kuingia Homa Bay, tukaishia ndani ya ua wa mtu, kuku wanatuangalia. Alisema hatapanda tena hadi breki za nyuma zibadilishwe zote. Sikufanya kitu. Magari ya watu natengeneza, la nyumbani nimeliacha lilale.

Sasa sina hiari. Ijumaa nilimpeleka kwa daktari wa macho hapa Rongo, kwa miguu, polepole. Presha ya macho. La kushoto limeshaenda. La kulia linaona kama kupitia tundu la ufunguo. Amepewa barua ya upasuaji Homa Bay, Alhamisi tarehe 20. Daktari bingwa anakuja siku hiyo moja, akiondoka haijulikani atarudi lini. Kinachopotea hakirudi, ndivyo alivyotuambia.

Nikasema nitakodi gari. Mama akakataa katakata. Gari la mumewe liko nyumbani, mwanawe ni fundi, halafu aende hospitali kwa gari la kukodi kama mtu asiyezaa?

Wiki mbili na nusu. Nang'oa ekseli yote.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda Kegonga na Chacha. Tunafanya naye kazi gereji moja Migori mwaka wa tisa huu, na kwao ni huko. Alikuwa anajua gari moja lililokufa kwenye shamba la mahindi la binamu yake, na ekseli yake ya nyuma ina breki za diski. Tumelikuta. Kuku ametaga kwenye kiti cha dereva. Tumehamisha mayai kwa heshima zote, tukaingia chini.

Nati zilikataa. Tulizipiga hadi saa tisa. Mgongo umekwisha.

Chacha akiona ninaandika haya atanicheka. Daftari ni la gereji, nimeanzia ukurasa wa nyuma, kwa Kiswahili kama tunavyoandika kazi zote, maana Kijaluo chake ni cha salamu tu. Afadhali. Kwa lugha yetu ningeandika matusi.

Ijumaa, 7 Machi

Ekseli ya zamani iko chini. Madramu ya breki yamelika hadi yana ukingo ndani. Tumekuwa tukiendesha hivi miaka mingapi? Na Mama kiti cha mbele, jiwe miguuni.

Ekseli mpya ni pana kidogo, na viti vya springi, vile vyuma zinapokalia springi, haviko mahali pake. Vya kukata na kuchomelea upya. Propela, ile shafti ndefu inayotoka kwenye gia, nayo matundu hayaoani.

Jumapili, 9 Machi

Nilijua litakuja. Limekuja baada ya kanisa.

Mama amesema gari likisimama upya kwa miguu yake, kaka yangu Ouko ndiye atakayelitoa nje ya lango kwanza. Ni gari la baba yetu, na Ouko ndiye mkubwa. Mimi nitalitengeneza. Mimi nitaendesha baadaye.

Sikubishana. Nimezoea. Nina miaka arobaini na nne, bado nalala ndani ya boma la Baba, kwa sababu Ouko hajaanzisha lake na mimi siwezi kumtangulia. Yeye yuko Nakuru na ofisi yake na viatu vyake. Mvua ikinyesha, mimi nasubiri Ouko apandiwe mistari miwili shambani kwake ndipo nitie mbegu yangu. Mahindi yangu huwa ya mwisho kukomaa katika kijiji kizima, na majirani wananiita mvivu.

Mama amempigia simu. Atakuja Jumamosi, amesema. Sauti yake tamu kama kawaida. Mama ametabasamu kutwa.

Jumatano, 12 Machi

Viti vya springi vimechomelewa. Chacha amekuja hadi nyumbani na mashine, hakuna aliyemwita. Propela ameitoboa upya fundi wa mashine pale Migori. Salim wa duka la spea amenitafutia sili za ekseli, ameagiza hadi zikapatikana, akaniuliza habari za macho ya mama kabla hajaniuliza habari za gari. Huyu hata si wa kwetu.

Ijumaa, 14 Machi

Ekseli iko juu. Diski ziko juu, kalipa za kuzibana ziko juu, mabomba mapya. Hendibreki inavuta! Nilifunga kalipa za pande zote mbili peke yangu, haraka haraka, ili Ouko akute kila kitu tayari.

Kutoa hewa kwenye mabomba kumekataa. Pedali laini. Unakanyaga kama unakanyaga mkate.

Jumamosi, 15 Machi

Ouko hakuja. Kuna mazishi ya mama mkwe wa bosi wake. Mama alikuwa amechinja jogoo.

Pedali bado laini.

Jumatatu, 17 Machi

Bado. Nimepitisha mafuta ya breki chupa baada ya chupa. Nimebadilisha silinda kuu. Nimekagua kila kiungo. Nimelala chini ya gari hili hadi naota chini yake.

Mama anakuja kusimama karibu na kibanda. Anageuza kichwa pembeni ili anione kwa kile kitundu chake. Leo alikosa ndoo iliyokuwa mbele yake, akaipiga teke, akajifanya aliikusudia. Siku tatu zimebaki.

Jumanne, 18 Machi

Chacha amekuja, ameinama nyuma ya gurudumu, hakukaa hata dakika mbili.

"Buda, hii kalipa ya kushoto umeweka kulia."

Kweli. Zinaingia zote mbili pande zote, bolti hazikatai. Lakini ukizibadilisha, ile nati ndogo ya kutolea hewa inaangalia chini, na hewa inakaa juu inakucheka. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua. Siku nne nimepoteza kwa haraka ya kumpendeza mtu ambaye hakuja.

Tumezigeuza. Hewa imetoka. Pedali ngumu, juu, safi. Chacha hakunitania. Ningependa angenitania.

Ouko atakuja kesho jioni. Amesema.

Jumatano, 19 Machi

Saa sita Ouko amenipigia. Hawezi leo. Labda wikendi. Nikamwambia ni kesho, Ouko, Mama anapasuliwa kesho. Akasema anajua, tufanye tu vile inawezekana, akakata.

Nifanye vile inawezekana. Haya.

Gereji ina sheria yake. Breki ukizifunga wewe, wewe ndiye unazijaribu barabarani, peke yako, kabla hujapakia roho ya mtu mwingine. Kwenda mbele na kurudi nyuma ndani ya boma hakuoneshi kitu. Na kesho nateremka mteremko uleule, na Mama. Sikuwa tayari kuujaribu akiwa ndani.

Alikuwa kwenye mkutano wa akina mama kanisani. Nikatoka saa nane. Lango, njia ya vumbi, hadi lami. Kwenye sitini nilikanyaga kwa nguvu zote. Likasimama. Halikuvuta kushoto, halikuvuta kulia. Nikarudia mara tano. Nikaegesha kando ya mahindi ya watu, nikalia kidogo, kwa furaha. Sioni aibu.

Niliporudi alikuwa amesimama langoni. Mkutano uliisha mapema. Haoni vizuri, lakini injini ile anaijua kuliko sauti yangu. Akauliza kwa upole, "Ouko amefika?"

Nikasema hapana.

Akaniambia alichokuwa amepanga: alfajiri angempigia Ouko, Ouko aseme kwa mdomo wake kwamba ametoa ruhusa, na sisi twende. Neno la mkubwa lingetosha. Sasa halitoshi. Nimeshampita. Sasa hadi Ouko akae ndani mwenyewe na kulitoa.

Kwa nini hukuniambia, Mama? Akasema, "Wewe kwa nini hukuniuliza, wuoda, mwanangu?"

Alhamisi, 20 Machi

Saa kumi na moja alikuwa ameshaoga. Amevaa gauni la kanisani, barua ndani ya mkoba, mkoba juu ya magoti. Amekaa kwenye kiti cha Baba, nje, anaangalia upande wa barabara.

Saa kumi na mbili nimempigia Ouko. Amezima. Saa moja, amezima. Saa mbili Salim amekuja mwenyewe kutoka Migori, Chacha alimwambia. "Mama, panda gari langu, mimi sina safari leo, nitakupeleka na kukurudisha." Mama alimshukuru vizuri, akamwombea baraka, akaagiza apewe chai. Hakupanda.

Saa nne Ouko amepokea. Nikamweka Mama kwenye simu. Nilimsikia akisema nendeni, nendeni, hakuna shida. Mama akasema, "Asante, mwanangu. Utakuja lini?"

Nilipiga magoti. Mwanaume mzima, kwenye vumbi, mbele ya Salim. Akanigusa kichwa. Akaniambia hanikasirikii, bali anaogopa nisije kufa. Mtu anayempita mkubwa wake katika vitu vya baba hufa kwa kukonda, na yeye ameshazika watoto wawili. Afadhali jicho.

Saa saba ameingia ndani, amebadilisha gauni.

Ijumaa, 21 Machi

Namchukia Ouko. Nimeliandika, libaki hapa.

Na Mama pia, leo. Kidogo. Anaweka jicho lake kwenye mizani na mimi, bila kuniuliza, halafu nishukuru.

Na mimi mwenyewe. Ningesubiri muda wa saa kumi na tano tu. Angempigia alfajiri, ningejaribu breki saa kumi na mbili, saa moja tungekuwa njiani. Nimepiga hesabu hiyo tangu jana na kila mara inatoka vilevile.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Watu wote wanapanda. Mimi nasubiri.

Jumamosi, 29 Machi

Amekuja. Gari lake linang'aa, mkononi mkate na sukari. Mama alimpapasa uso mzima kwa vidole, akacheka.

Nilimweleza yote, kando, nikiwa mtulivu. Alinishangaa. "Kwani hizo vitu bado mnafuata? Si ungempeleka tu, omera, ndugu yangu."

Nilikuwa nimeshika spana namba kumi na tisa. Niliiweka chini. Nilihakikisha nimeiweka chini.

Akakaa kwenye kiti, akauliza gia ya kurudi nyuma iko wapi. Akatoka langoni, akafika kwenye lami, akarudi. Dakika kumi. Mama alipiga vigelegele hadi majirani wakaja. Ouko alishuka akijipangusa mikono, mikono ambayo haikuwa na kitu. Akasema, "Breki sawa." Akala, akapandiwa mistari yake miwili shambani, saa tisa akaondoka.

Jioni nimetia mbegu zangu.

Alhamisi, 10 Aprili

Homa Bay na Mama. Bingwa hayupo, kuna daktari mwingine, kijana mpole. Amemulika, amemulika tena. Ameuliza kwa nini hatukuja tarehe 20. Mama alijibu haraka kwamba gari lilikuwa halijawa tayari.

Hakuna cha kupasua tena. Dawa ya matone, ya kupunguza maumivu tu. Ataona mwanga na giza, kwa muda fulani.

Tulipokuwa tunakwenda, juu ya mteremko, nilihisi ameshika mlango. Hakuhitaji kuona, mwili wake unajua mahali pale. Nikakanyaga taratibu. Gari likatii hadi chini, bila kelele. Kwenye ule ua wa kuku nikapunguza zaidi, bila sababu. Akaachia mlango.

Akasema, "Ouko amelifungua vizuri."

Nikasema, "Ndiyo, Mama."

Jumamosi, 12 Aprili

Nimempeleka kanisani mazoezi ya kwaya, nimemrudisha. Anasema nyimbo hazihitaji macho. Mahindi ya Ouko yametoka. Yangu bado.

Tumeingia kwenye boma, nimevuta hendibreki. Imeshika. Kabla sijazima injini alikuwa ameshafungua mlango, jiwe kifuani. Ameshika ubavu wa gari, akaufuata kwa mkono hadi nyuma, akapapasa gurudumu, akaliweka jiwe chini na kulisukuma mahali pake. Akaligonga mara mbili kwa kisigino.

"Sasa zima," akasema.

Nimezima.