Hakuna Mabadiliko

Jumatatu, 3 Machi

Fomu ya mkopo nimeirudisha leo, siku ya mwisho, saa ya mwisho, kama kawaida yangu. Ukurasa wa nne wanauliza wategemezi. Mume — ndiyo, karakana yake ya friji imefungwa tangu mwaka jana. Mtoto mmoja — ndiyo. Mama mzazi. Halafu chini kuna kijisanduku: "Hakuna mabadiliko." Nikaweka alama ya vema. Mkono haukutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linaloniudhi.

Mama ana wiki saba kaburini. Tulimzika kwao, watu wachache. Chuoni sikumwambia mtu, nilisema nina homa. Cheti cha kifo hatujaenda kukichukua. Baba Mtoto hajaniuliza kwa nini, nami sijamwambia, lakini sote tunajua: fungu la mama kwenye mkopo ndilo kodi ya nyumba. Likikatwa tunatoka hapa. Na nikiyumba sasa, miezi tisa kabla ya kuitwa daktari wa meno, basi miaka yote hii nimeing'oa bure tena bila ganzi.

Najua ni wizi. Nimeandika hapa ili angalau niwe nimesema mahali.

Alhamisi, 6 Machi

Kliniki ya chuo kutwa nzima. Nimeziba mawili, nimeng'oa moja. Mkufunzi anasema mkono wangu mzito. Namjua mtu mwenye mdomo mzito kuliko mkono wangu, ila sikumtaja.

Niliporudi niliingia chumba cha mama kutafuta shuka. Bado tunakiita chumba cha mama. Halali mtu mle, ingawa sisi watatu tunabanana kitanda kimoja.

Kwenye rafu kuna meno yake. Tulisahau kumzika nayo! Niliyatengeneza mimi mwaka wa tatu, seti kamili ya kwanza maishani mwangu, nikapata alama hamsini na nne. Yale ya chini yalikaa juu kidogo, kwa hiyo akizungumza yaligongana — tk, tk — kama mtu anayehesabu vifungo. Nilitaka kuyarudia, akakataa katakata. Akawaambia majirani kwamba shahada ya mwanawe iko mdomoni mwake.

Baada ya mazishi niliyakausha nikayafunga kwenye kitambaa. Nakumbuka vizuri kwa sababu nilijisuta: meno ya bandia yakikaa makavu yanapinda, tunawaambia wagonjwa kila siku. Leo yamo kwenye kikombe chake. Kikombe kimejaa maji hadi ukingoni. Maji masafi, ya leo leo.

Baba Mtoto anasema si yeye. Nikasema basi ni mimi, nimechoka, nimesahau. Akasema huenda. Tukala.

Jumanne, 11 Machi

Afisa wa mikopo amenipigia nikiwa na mgonjwa kitini. Kijana, mpole, ananiita daktari kabla ya wakati. Alisema mwaka huu wanahakiki wategemezi mmoja mmoja, maana udanganyifu umezidi. Nikaanza kutunga palepale: mama kasafiri, mama hasikii vizuri kwenye simu —

"Usijali, daktari. Mama nimeshaongea naye asubuhi."

Nikamwuliza mama yupi. Akacheka, akadhani namtania. Mama mcheshi sana, anasema, wameongea karibu robo saa, hata mama akamwuliza kama ameoa. Kisha akaniomba radhi kwa swali lake: mama ana shida ya meno? Kuna kitu kinagonga akizungumza. Na binti yake anasomea meno!

Mgonjwa wangu alikuwa bado ameachama, ananitazama kwa macho mawili makubwa.

Nilipofika nyumbani nilitoa simu ya mama kwenye droo. Laini imo. Betri haimo. Betri yake ndiyo inayoendesha simu ya Baba Mtoto tangu Januari.

Jumatano, 12 Machi

Nimepiga namba ya mama, mchana, nimesimama uani kwenye jua kali. Iliita. Mara tatu. Simu yenyewe ilikuwa kwenye kiganja changu cha pili, nyepesi, imekufa.

Nikakata. Si kwa hofu tu. Nilitaka mno apokee.

Ijumaa, 14 Machi

Barua imefika. Afisa atakuja nyumbani Jumamosi ya tarehe 22, saa nne asubuhi, amwone kila mtegemezi kwa macho. Asipoonekana mmoja, mkopo wote unasimama.

Baba Mtoto ana wazo. Yule bibi mshonaji wa pale kona! Umri uleule, kimo kilekile, na hana maneno mengi. Tumlipe chochote, akae kitandani asubuhi moja, aitikie "ndiyo". Nikamwambia vizuri sana: nyumba ya kupanga, na sasa mama wa kukodi. Hakucheka. Nikasema heri niende ofisini kwao nikaseme ukweli. Akaniuliza, bila hasira, mwezi ujao mtoto alale wapi.

Kinachoniuma si uongo. Ni kwamba sijamlilia. Ningelia wapi, na kwa nani, wakati kwenye karatasi yu mzima?

Jumatatu, 17 Machi

Mshonaji amekubali. Amekuja nikamfundisha: tarehe ya kuzaliwa, shinikizo la damu, dawa mbili, moja asubuhi moja jioni. Anashika upesi kuliko mimi na vitabu vyangu.

Nikampeleka aone chumba. Akaishia mlangoni. Akauliza nani analala humu. Nikajibu hakuna. Akatazama mto, nami nikautazama. Katikati umebonyea, kiasi cha kichwa. Nikaenda nikaupigapiga, nikasema mtoto huja kuchezea humu. Siku hizi uongo unanitoka kama mate.

"Na mwenyewe," akasema, "ameridhia?"

Nikamwambia mama amefariki. Ndiyo mara ya kwanza kulitamka neno hilo ndani ya nyumba hii. Akasema hilo analijua, ndiyo maana anauliza.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika nimesimama jikoni. Upesi.

Nilikuwa na zamu ya kliniki hadi saa tatu na nusu. Nimefika nikihema, saa nne na robo. Baba Mtoto yuko kwenye korido, uso umechanua. Ananong'ona kwamba mambo ni safi: alitoka mara moja kununua soda za mgeni, kurudi akakuta afisa ameshafika, yuko chumbani kwa mama, mlango umerudishwa, mazungumzo yamenoga. Mtoto naye yumo, anacheka. Kicheko kile hajacheka tangu Januari. Nikasikiliza. Afisa anauliza, sauti ya chini inamjibu, afisa anacheka. Nikawaza, huyu mshonaji angekuwa mwigizaji! Kodi ipo. Mwaka wa mwisho upo.

Hodi ikapigwa. Nikafungua.

Mshonaji. Jasho tele, khanga begani, anaomba msamaha: mteja wa sare za shule kamng'ang'ania. Akauliza kama mgeni amefika au bado.

Sauti chumbani ikaendelea. Mshonaji akaisikia. Akatutazama mmoja mmoja, akarudi kinyumenyume hadi nje. Malipo yake hakuyataja.

Ndipo mlango wa chumba ukafunguka kidogo, kichwa cha afisa kikatokeza, kina tabasamu. Anasema amemaliza, hana shaka yoyote. Imebaki sahihi yangu tu: "Nathibitisha kwamba niliyemwonyesha afisa ni mama yangu mzazi, na yu hai." Niingie nisaini mbele yake. Nije na kalamu, yake imekwisha wino.

Nikasema ngoja niitafute. Kalamu ndiyo hii.

Baba Mtoto amekaa sakafuni, soda zote tatu mapajani. Ananiambia kwa midomo tu: saini. Nikisaini, nyumba ni yetu hadi nitakapoitwa daktari. Nikikataa, itabidi nimtazame mama usoni, nimwambie mimi mwenyewe kwamba amekufa. Mbele ya mtoto. Sijui nitaanzaje. Sikujifunza.

Afisa ameita tena, daktari, kalamu imepatikana? Nikafungua kinywa niseme bado naitafuta. Sauti nyingine imemjibu kabla yangu, taratibu, ya mtu aliyekaa vizuri kitandani:

"Mwache amalize kuandika. Mimi sina haraka."